Kumweleza mtaalamu maradhi ya nafsi si upungufu wa imani

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), Ahli zake, Masahaba wake na wote wanaofuata nyayo zao mpaka siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, hapa Kaliua mtu akiumwa homa hafichi. Lakini akiwa halali usiku, au analia bila kujua analilia nini, au anasikia sauti wasizozisikia wenzake, jambo hilo hufungiwa ndani mpaka liharibike. Baada ya swala ya Ijumaa wazazi hunivuta pembeni na kuninong'oneza: "Ustadhi, kijana huyu tumpeleke wapi?" Ukiuliza, utakuta waganga wameshamalizwa na mbuzi wameshauzwa. Msimu wa tumbaku ukiwa mbaya na deni la pembejeo likabaki shingoni, wanaoninong'oneza huongezeka.

Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa, na ametuamrisha tujitibu. Hakuyatoa maradhi ya akili katika amri hiyo. Na imepokewa katika Sahih Muslim kuwa anayemwendea mtabiri na kumuuliza jambo, swala zake hazikubaliwi siku arobaini. Ajabu ni kwamba watu wetu hilo hawaliogopi, wanaogopa hospitali! Kusomewa Qur'an ni haki, na hakumzuii mgonjwa kumuona daktari.

Wapo wasemao kuwa mwenye imani haugui huzuni. Hao warejee Suratu Yusuf, aya ya 84, wamuone Nabii Yaaqub (AS) ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Nani atathubutu kuipima imani yake? Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Humo aliitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu ya wazi, akasema hii ya pili chanzo chake kimo mwilini na itibiwe hivyo. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, ya mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Leo sisi tunawafunga kamba uani.

Sasa mtu akienda atakutana na nini? Nimewasindikiza wagonjwa kadhaa, nasema niliyoyaona. Jina la Mirembe limegeuzwa tusi mitaani, na watu wanadhani kila anayezungumza na mtaalamu atapakiwa kwenye treni kwenda Dodoma. Hospitali hiyo ipo tangu mwaka 1927 na inafanya kazi kubwa, lakini wagonjwa wengi hawafiki huko. Unaanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ikibidi unapewa rufaa kwenda Kitete, Tabora, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wanasaikolojia nchini ni wachache, hivyo usishangae ukipokelewa na muuguzi au tabibu aliyesomea kazi hiyo.

Ataulizwa mengi: usingizi, chakula, ndoa, misiba, pombe na bangi, na kama katika ukoo yupo aliyewahi kuugua hivyo. Ataulizwa pia kama amewahi kufikiria kujiua. Wazazi huchukia swali hili, wakidhani linampandikizia mtoto fikra hiyo. Halimpandikizii. Nimemuona kijana akishusha pumzi ndefu kwa sababu hatimaye mtu alimuuliza.

Siku ya kwanza anaweza kutoka amechoka kuliko alivyoingia. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia hii ya Tabora na Ujiji na frasila zao mbili walilijua hilo: maumivu ya bega huyasikia ukishatua. Tiba ya mazungumzo si ya siku moja. Atarudi kila wiki au kila wiki mbili, na atapewa mambo ya kufanya nyumbani. Si kila mmoja hupewa vidonge; akipewa, vingine huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na asiviache ghafla bila kumuuliza daktari.

Linalowasumbua zaidi wacha Mungu ni siri. Mama mmoja aliniuliza: "Nikimsema mume wangu mbele ya mtu baki, si nitakuwa nimesengenya?" Nikamkumbusha Hind bint Utba (RA), aliyemshitakia Mtume (SAW) kuwa mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi yeye na wanawe cha kuwatosha. Mtume hakumkemea, bali alimpa jibu. Kusema aibu ya mtu kwa kutafuta ufumbuzi si sawa na kuisema barazani. Vivyo hivyo dhambi ambayo Allah amekusitiria: utasema kiasi kinachohitajika kwa tiba, kama unavyomfunulia daktari sehemu yenye jipu na kufunika nyingine. Mtaalamu naye anabanwa na maadili ya kazi yake asitoe siri, isipokuwa pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini. Asipozitunza, tafuta mwingine.

Mwanamke ana haki ya kuomba mtaalamu wa kike. Akikosekana, aende na maharimu wake akae karibu, au mlango uachwe wazi kidogo ili kusiwe na faragha. Na mtaalamu si mufti. Akishauri jambo lililoharamishwa, mwambie dini yako hairuhusu, atafute njia nyingine, na wengi huelewa.

Mwenye dawa za kila siku amuone daktari kabla ya Ramadhani, si baada ya kuanza kufunga. Zipo zinazoweza kuhamishiwa futari na daku, na zipo zisizowezekana. Huyo wa pili ni mgonjwa aliyetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na asisimangwe nyumbani kwa kula mchana.

Wabillahi tawfiq.