KIJANA, JE, UTAMALIZA MBIO?



Mpendwa kijana unayeshika karatasi hii, usiitupe. Pengine umepewa kituoni ukiwa na haraka ya daladala, au umeiokota kwenye mchanga pale Coco ulipokuwa unafunga kamba za raba. Haikufika mkononi mwako kwa bahati mbaya. Mungu amekutafuta siku nyingi.

Vijana wa Msasani nawajua, nakaa nanyi. Alfajiri, wavuvi hawajamaliza kushusha samaki, wewe tayari uko ufukweni unapasha. Unakimbia kwenye mchanga mzito mpaka miguu inawaka moto. Jioni uko tena kiwanjani, na chai yenyewe umekunywa kavu. Hakuna anayekulipa. Kumbe mtu akikipenda kitu anaweza kujinyima namna hii! Mtume Paulo aliyaona hayo hayo kwa watu wa Korintho, maana karibu na mji wao kulikuwa na michezo mikubwa, na mshindi alivikwa taji la majani. Majani, ndugu yangu! Wiki moja yamekauka. Fungua 1 Wakorintho 9:24-27 usome mwenyewe.

Sasa nataka nikupe habari ya Mtanzania mmoja. Wazee wako wanaijua, wewe labda hujaisikia.

MTU ALIYEFIKA WA MWISHO

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, zilikimbiwa mbio za marathoni za Olimpiki. Nchi yetu iliwakilishwa na John Stephen Akhwari, mwenyeji wa Mbulu. Mji ule uko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mtu akikimbia pumzi haimtoshi. Walianza wanaume 75. Njiani misuli ya Akhwari ikaanza kukaza. Halafu wakimbiaji wakasukumana wakigombea nafasi, akaanguka. Goti likaumia vibaya, na bega likajipiga barabarani.

Hebu simama hapo kidogo. Wewe ungefanya nini? Uko mbali na kwenu, damu inatoka, wenzako wanakupita, medali umeshaikosa. Na hakuna ambaye angekulaumu kwa kuacha. Siku ile waliacha watu 18. Hata Abebe Bikila wa Ethiopia, shujaa aliyeshinda mwaka 1960 na tena 1964, mwili ulimkatalia akatoka. Sina neno la kumlaumu, alikuwa ameumia. Lakini Akhwari alifungwa bandeji, akainuka, akaendelea.

Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Medali zikatolewa. Watu wakaanza kwenda zao, jua likazama. Ilipopita zaidi ya saa nzima tangu mshindi afike, akaingia uwanjani mtu mmoja anachechemea, mguu umefungwa, kila hatua inamuuma. Akhwari! Wale watu wachache waliobaki wakasimama wakampigia makofi kama vile yeye ndiye mshindi. Alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Nafasi ya 57, ya mwisho kabisa katika waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilizunguka dunia nzima: nchi yake haikumtuma maili elfu tano ili aanze mbio tu, ilimtuma amalize.

Mwulize kijana wa leo mshindi wa siku ile alikuwa nani, hamjui. Lakini yule wa mwisho wanamhadithia mpaka Ulaya na Marekani.

NA WEWE ULIYEANGUKA JE?

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Kuna kijana anasoma maneno haya, aliwahi kuokoka. Ulikuja mbele kwenye mkutano kama huu, ukalia, ukaomba, ukawa unakwenda maombi ya usiku. Halafu ukaanguka. Ni binti, ni pombe, ni bangi, ni kamari ya kubashiri mechi, wewe mwenyewe unajua ni nini. Na sasa si kwamba umemchukia Yesu. Hapana! Unaona aibu. Ukimwona mchungaji anakuja njia hii, wewe unakata ile.

Nayajua hayo maana yamenipata. Nilikuwa fowadi wa timu ya mtaani. Niliokoka, na miezi michache baadaye tukaingia fainali. Usiku wake wale tuliokuwa tunawaita kamati ya ufundi (mwanamichezo yeyote wa Dar anajua ufundi wenyewe ni upi) wakatupeleka kwa mganga. Nikakataa mara ya kwanza. Wakasema, eti mlokole wewe unataka tufungwe? Nikaogopa macho ya watu, nikanyoosha mguu nikachanjwa chale. Kesho yake tukafungwa tatu bila! Lakini kufungwa si kitu. Kitu ni kwamba sikukanyaga kanisani karibu miaka miwili. Nilisema, nitaingiaje na chale hizi?

Siku moja mama mmoja wa kanisa letu alinikuta natoka kununua samaki. Nilitaka kujificha, nikachelewa. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, kiti chako hatujampa mtu." Nililia njia nzima, na samaki wangu mkononi.

Shetani atakwambia ukianguka mbio zimekwisha. Mwongo! Kuanguka hakumwondoi mkimbiaji. Kinachomwondoa ni kukaa pale chini. Petro alimkana Bwana mara tatu kabla ya jogoo kuwika, na bado Yesu alimfuata pwani, akamkuta na nyavu zake, akamwandalia samaki wa kuoka (Yohana 21). Yesu yule yule anapita pwani ya Msasani leo. Rudi ukichechemea hivyo hivyo. Usingoje goti lipone kwanza.

USIKATE NJIA

Tena soma 2 Timotheo 2:5. Mchezaji asiyefuata sheria hana taji. Mwaka 1988 kule Seoul, Ben Johnson wa Kanada alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79, dunia nzima ikashika kichwa. Siku tatu baadaye akapokonywa medali, walikuta dawa mwilini mwake, dhahabu akapewa Carl Lewis aliyekuwa wa pili. Siku tatu tu za utukufu. Wewe unayefuga hirizi kwenye soksi, wewe uliyepunguza umri ili uingie timu ya vijana, wewe dada ambaye mtu mkubwa amekuahidi nafasi kwenye kikosi ukimpa mwili wako: mkatalie, toka mbio kama Yusufu! Nafasi ya namna hiyo mwenye kuitoa ndiye mwenye kuichukua.

Na hata ukishinda kwa haki, taji la dunia lina mambo yake. Mwaka 1974 huko Christchurch, Filbert Bayi wetu aliongoza mita 1500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.2. Vijana wa wakati ule hawakulala kwa furaha. Mwaka 1976 ilikuwa zamu ya Olimpiki ya Montreal, Bayi na John Walker wa New Zealand wakutane tena. Nchi za Afrika zikasusia, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini kwa makaburu. Msimamo ule ulikuwa wa haki, lakini Bayi hakukimbia, na Walker akachukua dhahabu. Bayi alipata fedha mwaka 1980 kule Moscow, kuruka viunzi na maji mita 3000. Rekodi yake ya dunia ilivunjwa mwaka 1979, na ile ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ikavunjwa mwaka 2022, baada ya miaka 48! Miaka 48 ni mingi, lakini ilivunjwa. Taji analotoa Yesu hakuna serikali inayolisusia wala mkimbiaji atakayekuja kulivunja.

Wengine mnasema, nitaokoka, lakini bado kidogo, nina muda. Sikiliza. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alikimbia kilomita 42 zote, na hatua za mwisho akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Ilibidi waangalie picha. Ndivyo Tanzania ilivyopata dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha. Kufumba jicho ni kirefu kuliko tofauti ile. Na wewe unamwambia Mungu bado kidogo?

Kama moyo wako unagonga sasa hivi, piga magoti hapo ulipo, au kama uko kwenye daladala funga macho tu, useme kwa imani:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimeanguka na nimekaa chini muda mrefu. Nisamehe. Unioshe kwa damu yako. Nakataa mganga, nakataa hirizi, nakataa uzinzi na kila njia ya mkato. Ingia moyoni mwangu, unishike mkono, unikimbize mpaka mwisho. Amina."

Umeomba? Haleluya! Usinyamaze nayo. Leo jioni njoo kiwanjani upande wa kulia wa jukwaa, tutakuombea na kukupa Injili ya Marko. Kama una hirizi au dawa ya timu, ije nayo, tutaichoma pamoja. Na yule mwenzako mliyeokoka naye ambaye siku hizi hamwoni, unajua anakaa wapi. Kabla hujaenda mazoezini kesho, mpelekee karatasi hii.