Kidogo Kidogo: Neno kwa Wanaoyumba kwa Kuacha Vidonge vya Usingizi

Masomo: Kutoka 23:29–30, 1 Samweli 1:12–17



Bwana Mungu alipowaahidi Waisraeli nchi ya Kanaani, aliwaambia jambo ambalo wengi wetu hulipita upesi tusomapo. Hakuwaahidi kuwaondoa adui zao katika mwaka mmoja. Alisema atawaondoa pole pole, na sababu yake aliitaja: nchi ikiachwa tupu kwa ghafula, wanyama wa mwitu wataongezeka na kuwalemea wenyeji wapya. Basi kukawia huko hakukuwa udhaifu wa Mungu, wala hakukuwa kuisahau ahadi. Kulikuwa rehema kwa watu wachache, ambao hawajapata bado nguvu za kuikaa nchi yote.

Sisi wa pande hizi hatuna haja ya kufundishwa sana maana ya neno hili. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika nchi za Maziwa Makuu. Malisho yakakosa walishi, vichaka vikaota. Pamoja na vichaka wakaja mbung'o, na pamoja na mbung'o ugonjwa wa malale. Katika Biharamulo watu walihama, na wanyama wakashika mahali pao. Twajua, basi, kwamba nchi iliyoachwa tupu haikai tupu.

Leo twapenda kulitia neno hili katika jambo lililo karibu nasi, ambalo halisemwi sana kanisani. Kuna vidonge ambavyo matabibu huviita benzodiazepini, na kilicho maarufu kuliko vyote ni diazepamu, ambacho wengi hukijua kwa jina la Valium. Kiliingia katika maduka ya dawa mwaka 1963, nacho kilitokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach. Ni dawa njema mahali pake. Humtuliza mwenye kifafa kisichokoma, hulegeza misuli iliyokazana, hupunguza hofu kuu, tena huleta usingizi.

Na usingizi umewakimbia wengi katika wilaya hizi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja wakikimbia kutoka Rwanda, na pale Benaco pakawa kama mji mkubwa wa turubali. Mwaka 2025 homa ya Marburg ilitokea Biharamulo. Wagonjwa 10 walihesabiwa, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote kumi walikufa. Aliyeona mambo ya namna hii, au aliyezika mwenzi wake, au aliyelala kitandani na maumivu miezi mingi, si ajabu akikesha. Hupewa vidonge vya majuma machache, na usiku huwa usiku tena. Kisha hupata vingine, na vingine tena, mwezi hata mwezi, mwaka hata mwaka; na siku atakapo kuviacha, huona havimwachi.

Tuseme kwa ufupi sababu yake, maana ajuaye sababu huogopa kidogo. Mungu ameweka katika ubongo kitu cha kutuliza, nacho wataalamu hukiita GABA. Kazi yake ni kama kazi ya breki za baiskeli katika mteremko. Vidonge hivi huzitia breki hizo nguvu. Lakini ubongo ukizoea msaada wa nje, hulegeza breki zake wenyewe. Vidonge vikiondolewa kwa ghafula, baiskeli hushuka mlima bila breki: moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, hofu hurudi mara mbili, wengine huanguka kifafa, na wako waliokufa.

Kizunguzungu nacho kina asili hiyo hiyo. Mtu husimama wima kwa ushuhuda wa mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo. Ubongo, hasa ule mdogo ulio kisogoni, husikiliza mashahidi hao na kukata shauri. Breki zikilegea, ushuhuda wao huja kwa kelele na kwa kuchanganyika, na shauri hukawia. Ndipo mtu huona ardhi inainuka na kushuka kama aliyeketi katika mtumbwi juu ya ziwa Burigi. Hupepesuka mlangoni, hushika ukuta, huogopa njia ya kisimani. Hali hii huja na kwenda kama mawimbi. Kwa wengine hukaa majuma, kwa wengine miezi, na wachache hukaa nayo zaidi. Lakini kwa walio wengi hupungua, kwa kuwa ubongo hujifunza tena kazi yake.

Hapa twataka waalimu wasikie vizuri. Husikika mahubiri ya kuwaambia wagonjwa: Kama una imani, vitupe vidonge leo. Twasema wazi kwamba shauri hilo laweza kuua. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walisafiri mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, na wako walioacha dawa zao za kila siku kwa kudhani wamekwisha kupona. Hatulitaji jambo hilo ili kumhukumu mtu aliyekwisha kulala, bali ili tujifunze. Imani haimjaribu Mungu. Shetani alimwonyesha Bwana wetu ncha ya hekalu akamtaka ajitupe, naye Bwana alikataa. Mwenye kushuka kwa ngazi hana imani haba kuliko mwenye kujitupa.

Basi ngazi ni ipi? Tabibu Heather Ashton wa Newcastle, Uingereza, aliwahudumia watu wa namna hii tangu mwaka 1982 hata 1994, naye alifundisha kwamba dawa ipunguzwe kidogo kidogo, kwa kadiri ya mtu mwenyewe. Wataalamu wa Marekani waliotoa mwongozo mwaka 2025 wanashauri kuanza kwa kupunguza sehemu 5 hadi 10 katika mia, kila baada ya majuma 2 hadi 4. Anayetumia miligramu 10 kwa siku, kwa mfano, aweza kuanza kwa kupunguziwa nusu miligramu au moja. Lakini mpimaji ni tabibu, si jirani wala mwalimu wa kanisa. Na mwenye kifafa, au mwenye mimba, asiguse kipimo chake bila tabibu hata kidogo. Kazi hii yaweza kuchukua miezi mingi, pengine kupita mwaka. Likizidi kizunguzungu, tabibu aweza kumwacha mgonjwa akae katika kipimo kile kile kwa muda, apate nguvu. Israeli nao walipumzika kambini kabla ya kuondoka tena.

Na katika miezi hiyo mtu aishije na kuyumba kwake? Asubuhi asiruke kitandani. Aketi kwanza ukingoni, ahesabu pumzi kadhaa, ndipo asimame akishika kitu. Atembee na fimbo bila haya. Macho yake yatazame kitu kisichokwenda, kama mti au nguzo, badala ya kutazama miguu. Usiku taa iwe karibu, na njia ya chooni isiwe na jembe wala mtungi. Asipande mti wala ngazi, asiendeshe baiskeli wala pikipiki, asichote maji peke yake katika bonde lenye mteremko. Ale kwa saa zake, anywe maji ya kutosha. Pombe aiache kabisa, rubisi pamoja na gongo, maana pombe na vidonge hivi vikikutana huweza kuzima pumzi ya mtu usingizini.

Walakini asilale kutwa kwa kuogopa. Ubongo hujifunza mizani kwa kutumiwa, kama mtoto ajifunzavyo kutembea kwa kutembea. Asimame karibu na ukuta kila siku, ageuze kichwa pole pole kuume na kushoto huku macho yametua mahali pamoja. Atembee hatua chache migombani, na kesho aongeze chache. Tena asidhani kila kizunguzungu ni cha vidonge. Malaria, upungufu wa damu na shinikizo la damu huleta hali hiyo pia. Kwa hiyo apimwe. Akiona mkono mmoja umelegea au maneno yanakwama, akizimia, akianguka kifafa, akiona yasiyokuwapo, au akipatwa na wazo la kujiua, apelekwe hospitali saa ile ile, wala asingoje Jumapili aombewe kwanza. Tutamwombea njiani.

Sasa twageukia somo la pili, maana lawahusu wazima. Hana alikuwa hekaluni akimwomba Mungu kwa uchungu. Midomo yake ilicheza, sauti haikusikika. Eli, kuhani mzee, alimtazama kinywa, akakata shauri kwamba amelewa, akamkemea. Kumbe mwanamke yule hakuonja kileo. Alikuwa akiimimina nafsi yake mbele za Bwana. Kosa la Eli lilikuwa kutazama bila kuuliza. Lakini tumsifu kwa hili: alipojibiwa alisikia, na ulimi uliokemea ndio uliombariki.

Ndugu zetu wazee wa kanisa, akija mtu ibadani akipepesuka, msimwandike katika daftari la walevi. Msimzuie Meza ya Bwana kabla ya kumwuliza kwa upole, faraghani. Akishindwa kupiga magoti na kuinuka, mchungaji amletee Sakramenti pale alipoketi. Mwili wa Bwana ulitolewa kwa ajili ya wasioweza kusimama. Vijana wamshike mkono katika mteremko wa kurudi nyumbani, kama Petro alivyomshika yule kiwete penye mlango Mzuri. Na mama mmoja amtekee maji mwenzake mpaka miguu yake ipate nguvu. Kazi hizi si ndogo machoni pa Mungu.

Na wewe unayeyumba, usijione umelaaniwa. Mwili uliozoea dawa aliyopewa na tabibu si mwili wa mwasi. Dakta Martin Luther mwenyewe, ingawa kwa maradhi mengine, aliteswa na kizunguzungu na mvumo masikioni. Mwaka 1530 alipokaa katika ngome ya Coburg, ziko siku ambazo hakuweza kusoma wala kuandika. Yeye aliyefundisha kwamba twahesabiwa haki kwa neema tu, kwa njia ya imani, alilifundisha hilo akiwa mtu ambaye kichwa chake kilizunguka. Hatuokolewi kwa kuacha vidonge, wala hatupotei kwa kuchelewa kuviacha. Juma utakaposhindwa kupunguza, Kristo hakupunguzi wewe.

Kumbuka pia yule kipofu wa Bethsaida. Bwana alimgusa mara moja, naye akaona watu kama miti inayokwenda. Je, Bwana alishindwa? Hasha. Alimgusa tena, akaona vyote waziwazi. Kati ya mguso wa kwanza na wa pili mtu yule alisimama akiona nusu, lakini mkono wa Bwana ulikuwa karibu naye. Huenda hapo ndipo usimamapo leo. Ngoja hapo pamoja naye, wala usimkimbie tabibu aliyekupa.

Ee Mungu Baba yetu, uliyewaongoza Israeli kwa mwendo walioweza kuuenda, uwatazame watumishi wako ambao ardhi haitulii chini ya miguu yao. Uwape matabibu hekima, na jirani subira. Utulinde sisi tusihukumu tusichokiuliza. Uwafikishe hao wote mahali pa kusimama imara, hapa kwa kadiri upendavyo, na huko kwako milele. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.