Mpaka wa Kiwanja na Sadaka ya Altareni

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukashuka hata ndani ya mji wa Goma. Nyumba nyingi ziliteketea, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pia. Mawe yalipopoa, alama za mipaka zilikuwa zimezikwa chini yake. Kiwanja cha huyu kinakoma wapi, na cha jirani yake kinaanzia wapi? Hapo ndipo Shetani hutafuta nafasi. Watu wawili waliokimbia moto pamoja huweza kuchukiana kwa ajili ya hatua tatu za mawe meusi.

Mkristu afanyeje? Bwana wetu Yesu Kristu, katika Injili ya Mtakatifu Matayo, mlango wa 18, alionyesha njia. Kwanza aliyekosewa amwendee nduguye, waseme wawili peke yao. Asiposikilizwa, atwae mtu mmoja au wawili wawe mashahidi. Akikataliwa tena, ndipo alieleze Kanisa. Kosa la mwenziwe lisitangazwe sokoni kabla hajasemeshwa nyumbani.

Je, kwenda mahakamani ni dhambi? Sivyo. Aliyedhulumiwa ana ruhusa kudai haki yake. Tena yako mambo yasiyomalizwa na wazee chini ya mti: mauaji, na kunajisi mwanamke au mtoto kwa nguvu. Kwa sheria ya Kongo ya mwaka 2006, shauri la kunajisi halizimwi kwa kulipa faini. Wazazi wanaopokea mbuzi ili wanyamaze hawapatanishi. Wanauza machozi ya mtoto wao.

Lakini ugomvi wa mpaka, wa deni, au wa mbuzi aliyekula maharagwe, ni afadhali upatanishwe. Hukumu humtaja mshindi, lakini haiondoi uchungu moyoni. Na kesho majirani wale watachota maji mahali pamoja.

Mpatanishi mwema husikiliza pande zote mbili, huenda kupaona mahali penyewe, huwaita waliojua mpaka tangu zamani, wala hapokei zawadi. Mapatano huandikwa mbele ya mashahidi. Mwaka 1998 wazee wa makabila ya Kivu ya Kaskazini, kama Wahunde, Wanande, Wanyanga, Wahutu na Watutsi, walianza kuketi pamoja Goma katika Barza, ili ugomvi uzimwe kabla ya kumwaga damu. Kwa miaka kadhaa walisaidia amani. Baadaye siasa iliwagawanya, na Barza ikapoteza nguvu. Ndivyo ilivyo: mpatanishi akiegemea upande mmoja, upatanisho hufa.

Mkatekumeni anajitayarisha kwa ubatizo, na kisha kwa Meza ya Bwana. Basi akumbuke agizo la Yesu: mwenye kuleta sadaka, akikumbuka kwamba nduguye ana neno juu yake, aiache pale altareni, aende kwanza kupatana naye. Yesu hakusema aulize kwanza ni nani mwenye kosa kubwa zaidi. Alisema aende.

Kusudi la juma hili: kila mkatekumeni amtafute yule asiyesalimiana naye, kabla ya Dominika.