Likizo ya Mlinzi wa Kanisa



Baada ya kazi ya kuezeka upya kanisa kwisha, Halmashauri ya Parokia ilikaa kutafakari jinsi ya kuwashukuru wote waliotumika. Mafundi walikuwa wamekwisha kulipwa, akina mama waliopika wamekwisha kushukuriwa mbele ya Wakristo wote, akabaki mlinzi. Miezi mitano alilala kando ya mabati na mifuko ya saruji, na hata msumari mmoja haukupotea. Mjumbe mmoja akasema, "Tumpe wiki mbili za likizo ya ziada, na mshahara wake asikatwe." Neno hilo likawapendeza wote. Sisi nasi tuliinua mkono, tena upesi, tukijiona wakarimu.

Ndipo mweka hazina, mama ambaye hapitishi jambo kabla ya kuliona kwenye karatasi, akauliza: ya ziada juu ya ipi? Akafungua daftari la mishahara. Tangu mlinzi aajiriwe ilikuwa imetimia miaka mitatu na miezi minne, na hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba alikwenda likizo hata siku moja. Krismasi yupo, maana usiku ule ndio wezi hutembea. Pasaka yupo. Siku ya Somo wetu yupo, anaelekeza magari. Kikao kizima kilinyamaza, na Padre akaahirisha shauri lile hadi wiki iliyofuata.

Jambo hili halijatuacha tangu siku ile. Kwa hiyo tulipoombwa kuandika ukurasa huu wa mafundisho, tuliona afadhali tuliandike hilo kuliko kwenda kutafuta somo la mbali.

Wengi wetu tuliikariri Amri ya Nne tulipokuwa katekumeni, nasi twaikumbuka kama amri ya kwenda kanisani Jumapili. Lakini someni tena Kumbukumbu la Torati 5:12-15, halafu mlinganishe na Kutoka 20. Katika Kutoka, sababu ya pumziko ni uumbaji wa Mungu. Katika Kumbukumbu la Torati, sababu ni Misri. Musa ataka mtumishi wa kiume na wa kike wapate pumziko lile lile alipatalo bwana wao, na awakumbusha Waisraeli kwamba wao wenyewe waliwahi kuwa watumwa katika nchi ambayo hapakuwa na aliyewapumzisha. Yaani amri hii haikutolewa kwa mchovu peke yake. Ilitolewa kwa mwenye nyumba, aliye na uwezo wa kumwambia mwingine, "Leo pumzika."

Tena angalieni namna habari ya Misri ilivyoanza. Musa na Haruni walipokwenda kwa Farao mara ya kwanza (Kutoka 5), waliomba ruhusa ya safari ya siku tatu tu, watu wakamwabudu Mungu jangwani. Ukipenda waweza kusema ni ombi la likizo. Farao akajibu kwamba watu hawa ni wavivu. Akawanyima majani ya kufyatulia matofali, na hesabu ya matofali ya kila siku akaiacha pale pale. Sisi tulioifundisha habari hii kwa wanachuo wa ualimu miaka mingi tulikuwa tukimcheka Farao darasani. Lakini katika kikao chetu mjumbe mmoja aliuliza, "Huyu wiki mbili hizo atazifanyia nini, si atakwenda kunywa tu?" nasi hatukucheka, wala hatukumjibu. Mlinzi mwenyewe hanywi. Hata kama angekunywa, hakuna aliyewahi kutuuliza sisi walimu tulivyozitumia likizo zetu za Juni na Desemba.

Na habari ya matofali bado ipo maofisini. Mtu apewa likizo, akirudi akuta mafaili yote ya siku zile yamemngoja mezani, hakuna aliyegusa hata moja. Huyo amepewa ruhusa ya kuchelewesha kazi yake.

Hapa kwetu mkoani Tanga, katika nchi ya mkonge, tusingepaswa kuhitaji kufundishwa sana jambo hili. Wazee waliobaki watawaeleza habari ya kipande. Katika mashamba siku za ukoloni kibarua alipewa kadi yenye nafasi 30. Siku aliyomaliza kazi yake iliwekwa alama, na mshahara ulitoka nafasi zote zilipojaa. Siku ya homa haikuwa na alama. Siku ya msiba haikuwa na alama. Mwenye kupumzika alipumzika kwa hasara yake. Wengi wa watu hao waliletwa kutoka mbali kwa mkataba, hasa baada ya wenye mashamba kuanzisha ofisi yao ya kuajiri iliyoitwa SILABU mwaka 1944, wakaitwa manamba kwa kuwa waliandikwa kwa namba. Baba yake mlinzi wetu alikuwa mmoja wao, mtu wa Kasulu. Alikuja kukata mkonge, akazaa watoto huku, akazikwa huku.

Siku hizi mambo yamebadilika, walau katika vitabu vya sheria. Mwaka 1936 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wake wa kwanza juu ya likizo yenye malipo, nao ulitaka siku sita tu za kazi kwa mwaka. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa mwaka, pamoja na sikukuu zitakazoangukia ndani yake, na mshahara wake kama kwamba yupo kazini. Yampa pia saa 24 za kupumzika kila wiki. Mama aliyejifungua ana siku 84, au 100 akipata mapacha. Sheria haisemi kwamba mwajiri akiwa kanisa asamehewe.

Basi tukawa tumeinua mikono kumpa mtu zawadi ya siku 14, na huku twadaiwa naye siku 84 za miaka mitatu kamili.

Mfano wa wakulima katika shamba la mizabibu (Mathayo 20) twausoma mara nyingi kwa ajili ya wale walioingia saa kumi na moja. Tusiwasahau wa asubuhi. Yule mwenye shamba aliwalipa dinari waliyopatana, nzima, bila kupunguza. Ukarimu wake kwa wale wa mwisho haukutoka mfukoni mwa wale wa kwanza. Kama angaliwapunguzia wa asubuhi ili aonekane mwema kwa wa jioni, manung'uniko yao yangalikuwa ya haki. Hatusemi kwamba siku za ziada si kitu chema. Ni kitu chema sana, nasi twawasihi wenye maduka, mashule na mashine za kusaga katika parokia hii wafikirie kuwapa watu wao, maana fedha ya bahasha huliwa na madeni kabla haijafika nyumbani, bali siku mtu aliyokaa na wanawe hakuna anayemdai. Lakini isije siku ya haki ikafungwa karatasi ya zawadi, mtu akatakiwa kushukuru kwa kilicho chake.

Tusiwanyoshee kidole wenye maduka tu. Nyumbani kwetu sisi wenyewe tulikaa na msichana wa kazi miaka minne. Alikuwa akienda kwao tarehe 27 Desemba na kurudi tarehe 3 Januari, tukimfungia kanga na kilo mbili za sukari, nasi tuliita hiyo likizo yake. Wakati ule sisi walimu tulikuwa tumekwisha kukaa nyumbani tangu mwanzo wa Desemba, tukilala mchana na kuletewa chai barazani. Likizo yetu ilibebwa na mikono yake. Alikwisha kuolewa, ana watoto wakubwa. Tukikutana hutuamkia kwa furaha, nasi huona haya, ingawa hajui ni kwa nini.

Katika kikao cha pili tulimwita mlinzi aseme mwenyewe. Alituamkia, akakataa kiti. Padre akamweleza kosa letu na kumwomba radhi, naye akazidi kuona aibu kuliko sisi. Mwisho akasema, "Mwalimu, nina dada yangu mkubwa kule Kasulu, sijamwona mwaka wa tisa huu. Wiki mbili ni njia tupu." Tukahesabu naye. Kutoka Muheza hadi Kasulu na kurudi, kwa mabasi na kulala njiani, zaweza kwenda siku nne, na si mtu wa kufika leo akageuka kesho. Basi Halmashauri imempa siku 42 sasa, yaani 28 za deni na 14 za shukrani, na barua imezitenga wazi zipi ni zipi. Siku 56 zilizobaki atazichukua kwa mafungu, kwa kupatana naye. Nauli ilitoka katika mfuko wa ujenzi, maana mweka hazina alisema hiyo nayo ni sehemu ya bati.

Fedha ya kuajiri mlinzi wa kushika zamu haikupatikana. Yule mjumbe aliyeuliza habari ya pombe ndiye aliyesimama na kusema wanaume wa parokia washike wenyewe, wawili wawili kila usiku, naye akajiandika wa kwanza. Tumshukuru kwa hilo. Orodha imebandikwa mlangoni pa ofisi, na bado zimebaki nafasi za Jumamosi, ambazo zinakimbiwa.

Zamu yetu ni Alhamisi. Wiki iliyopita ilinyesha tangu saa sita, tukajua kwamba kibanda chake kinavuja pande mbili, jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele yetu. Mbwa wake hajatuzoea bado. Ugali tuliompelekea aliunusa tu, akaenda kulala getini, uso kuelekea barabara ya stendi.