Ufa ni wa Nani?

Kila mwaka mvua zikaribiapo Tabora, yapata mwezi wa Novemba, watu huanza kutazama juu ya vichwa vyao. Akaaye katika nyumba yake akiona pavuja hupanda akaziba. Aliyepanga huweka beseni, akangoja. Basi twauliza: nyumba ya kupanga iharibikapo, yampasa nani kuitengeneza, na kwa sababu gani?

Mji huu ni mji wa wapitaji tangu zamani za misafara. Burton na Speke walifika Kaze mwaka 1857; Livingstone alikaa miezi mingi katika tembe ya Kwihara mwaka 1872, akingojea wapagazi. Paa la tembe ni miti iliyofunikwa udongo, na udongo huo mvua huuchukua. Mkono wa mtu usipourudisha, nyumba huanguka. Hivyo wazee walijua neno ambalo mabati yametusahaulisha: nyumba si kitu kilichokwisha kujengwa, bali ni kazi isiyokwisha.

Kazi hiyo ni ya nani? Mgeni aliyekaribishwa bure akivujiwa hana la kudai, hushukuru tu. Mpangaji si mgeni, maana amenunua. Wala hakununua kuta na bati, kwani hivyo hubaki kwa mwenyewe. Alichonunua ni sitara. Basi sitara isipokuwapo, fedha imepokewa kwa kitu kisichotolewa. Na katika miji yetu wengi hutozwa kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla ya kuingia. Aliyekula kodi ya kesho ana deni la kesho.

Sheria nayo yasema hivyo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 yahesabu kwamba katika upangaji zimo ahadi za mwenye nyumba: kwamba chumba cha kulala watu kiwe chafaa kukaliwa na watu; na palipopangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta kubwa na mifereji mikuu vitunzwe na mwenye jengo. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 yafanana nayo.

Mwenye nyumba atajibu, “Kodi yangu ni ndogo, naye aliiona nyumba kabla ya kuingia.” Neno hili lina haki kiasi. Kwa kodi ndogo mtu aweza kukubali chumba chembamba au sakafu ya udongo. Lakini ukuta utakaoangukia watoto usiku hauna bei ya kupunguziwa. Hatari haiuzwi rahisi. Tena atasema, “Wapangaji huvunja.” Kweli wako. Basi tutenganishe: kilichovunjwa na mkono wa mpangaji ni juu yake, kilicholiwa na mvua, mchwa na miaka ni juu ya mwenyewe.

Liko jambo gumu zaidi. Si kila mwenye nyumba ni tajiri. Yuko mjane aliyeachiwa vyumba viwili, hulala kimoja, hula kodi ya cha pili, wala hana fedha ya bati. Je, umaskini wake wamfungua? Twaona haumfungui, lakini wabadili namna ya kulipa. Aseme kweli mapema; apunguze kodi mpaka patengenezwe; au wapatane, na kuandika, kwamba mpangaji atengeneze na gharama ikatwe katika kodi. Asichoruhusiwa ni kupokea kodi kamili na kunyamaza.

Na mpangaji asinyamaze. Wengi huogopa kusema wasije wakafukuzwa, na kwa hofu hiyo sheria hubaki karatasi. Lakini tundu lililofichwa mwezi wa Novemba huwa boriti iliyooza mwezi wa Aprili, na hapo hasara ni ya wote wawili.

Wazee walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walakini mithali hii yadhani mwenye ufa na mwenye ukuta ni mtu mmoja. Katika nyumba ya kupanga ni wawili: mmoja huuona ufa kila usiku, wa pili ndiye mwenye ukuta. Kwa hiyo wa kwanza na aseme, na wa pili aje kutazama kabla wingu halijafunga.