Maji: Haki au Bidhaa?

Neno ubinafsishaji lilienea katika Kiswahili katika miaka ya 1990. Sisi walimu twajua kuwa limetokana na nafsi, na kwamba ubinafsi, yaani tabia ya kujipendelea, ni jamaa yake wa karibu. Hata hivyo, udugu wa maneno si ushahidi. Jambo hupimwa kwa matendo yake, wala si kwa jina lake. Basi na tulipime kwa maji ya mijini, kwa kuwa maji ni kitu ambacho mtu hawezi kukisusia bei inapopanda.

Tuanze kwa kuwatendea haki waliolitetea. Katika miji mingi ya nchi changa, mashirika ya maji ya umma yalikuwa hoi. Mabomba yalioza, maji mengi yalipotea ardhini au kuibwa, na ankara hazikukusanywa. Maji yaliitwa rahisi, lakini urahisi huo uliwafikia wenye bomba nyumbani. Maskini wa pembezoni aliyanunua kwa mchuuzi, na kwa kila ndoo alilipa mara kadhaa ya bei ya bombani. Aliyesema kuwa hali hiyo haikuwa haki alisema kweli.

Lakini ukweli huo haukuwa sababu pekee. Sababu nyingine ilikuwa deni. Kukabidhi shughuli za maji ya Dar es Salaam kwa kampuni binafsi kuliingizwa katika masharti ya Tanzania kupunguziwa madeni, na mikopo ya zaidi ya dola milioni 140 ya kukarabati mitambo ikaambatana na mpango huo. Mwaka 2003 kampuni ya City Water, yenye wanahisa wa Uingereza, Ujerumani na Tanzania, ilipewa mkataba wa miaka 10. Mabomba yalibaki mali ya mamlaka ya umma. Kampuni ilipewa kuyaendesha na kukusanya malipo. Makusanyo hayakufikia matarajio, pande mbili zikalaumiana, na mwaka 2005 serikali ikauvunja mkataba. Mwaka 2008 baraza la usuluhishi la kimataifa liliamua kuwa serikali ilikiuka wajibu wake kwa mwekezaji, lakini halikumpa fidia. Zingatieni jambo moja: mwekezaji alikuwa na baraza la kupelekea malalamiko yake. Mama mwenye ndoo tupu hakuwa upande wowote wa shauri lile.

Hapa Uganda, Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, lililoundwa mwaka 1972, nalo lilikuwa taabani. Kwa miaka kadhaa sehemu ya shughuli za Kampala iliendeshwa na makampuni ya kigeni kwa mkataba. Lakini kuanzia mwaka 1998 shirika lenyewe lilijirekebisha: likapunguza wafanyakazi waliozidi, likawawekea wakuu wa matawi malengo ya kutimiza, na mwaka 2004 likaichukua tena Kampala. Halikugeuka malaika, wengi vitongojini wangali wakinunua maji kwa madumu. Ila limeonyesha kwamba uzembe si maumbile ya mali ya umma.

Je, maji yalipiwe? Naam. Mto ni wa Mungu, lakini bomba, pampu na dawa ya kusafishia vina gharama. Hata Umoja wa Mataifa ulipoyatambua maji safi kuwa haki ya binadamu mwaka 2010, haukuagiza yatolewe bure. Lakini gharama ni kitu kimoja, na bei ni kitu kingine. Gharama huuliza: tumetumia nini kumfikishia jirani maji? Bei huuliza: jirani yu tayari kutoa nini ili asife kwa kiu? Swali la pili halina kikomo, maana mwenye kiu hutoa chochote.

Na deni je? Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Hawakusema dawa yake ni kukubali kila neno la anayekudai. Anayetia saini kwa kukosa njia nyingine, hiari yake ina kasoro. Lakini serikali iliyoacha mabomba yaoze hata ikakosa njia, nayo haiwezi kumtupia mkopeshaji lawama zote.

Ashikaye funguo za maji, awe ofisa au mfanyabiashara, sharti awe na wa kumjibu, na wa kwanza wa kujibiwa ni mwenye ndoo. Pasipo hilo, tutabadilisha mabwana tu, na kiu itabaki ile ile.