Deni la Mtazamaji

Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa kwenye pwani ya Algeria ya leo, alikuwa na kesi na mjusi. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alichokiandika kuelekea mwaka 400, anahesabu vishawishi vya macho, na akishamaliza vile vya viwanja vya michezo anafika nyumbani kwake: akiwa ameketi ndani, mjusi anayedaka nzi au buibui anayewanasa kwa utando humvuta, akabaki anatazama. Anakiri kwamba kutazama huko humfikisha kwenye kumsifu Muumba, lakini hakubali iwe udhuru. Si sifa iliyomfanya atazame. Alitazama kwanza, sifa ikaja nyuma, na kwake kuinuka haraka si sawa na kutoanguka. Sisi tunaoishi na mjusi kafiri kando ya taa ya sebuleni tunaweza kumwona mtu wa kujitesa bure. Hata hivyo swali lake ni halali. Mtu aliyekaa dirishani akitazama mvua ya masika ikipiga mabati ya jirani, akageuka kumwagilia mrehani ulio kwenye kopo la rangi, kisha akamkuna paka shingoni, amefanya nini hasa? Amepoteza muda, amepumzika, au amefanya jambo lenye uzito mbele ya Mungu na mbele ya dhamiri?

Jibu lililozoeleka katika dini ni kwamba viumbe ni ishara. Qurani inamtaka mtu azingatie kupishana kwa usiku na mchana na namna ngamia alivyoumbwa, na mwanazuoni Ghazali katika kitabu chake Ihya alikifanya kufikiri juu ya viumbe kuwa mlango mzima wa ibada, akishuka mpaka kwa mbu na buibui yuleyule aliyemsumbua Augustino. Iris Murdoch, mwanafalsafa na mwandishi wa riwaya wa Oxford ambaye hakumwamini Mungu wa makanisani, alifika karibu na hapo kwa njia yake. Katika The Sovereignty of Good, kilichotoka mwaka 1970, anamweleza mtu aliye dirishani na uchungu moyoni, akitafuna dharau aliyofanyiwa. Ghafla anamwona kozi ameelea hewani, na kwa kitambo kile nafsi iliyojeruhiwa inatoweka, amebaki kozi peke yake. Mtu huyo akiirudia dharau yake, anaiona imepungua ukubwa. Murdoch anaongeza kwamba wanaopeleka maua ya kopo nyumbani huenda wakashangaa kuambiwa kuwa jambo hilo linahusiana na wema.

Hoja zote mbili zina ukweli, ila zinaishia mapema. Kozi wa Murdoch hadai kitu. Hajui kuwa anatazamwa, hamtegemei aliye dirishani kwa chakula, na akiruka zake hakuna aliyekosewa. Kumtazama kunaweza kumtoa mtu ndani ya nafsi yake kwa dakika chache, na hilo si haba, lakini hakumwachii kazi yoyote ya kufanya. Katili naye hupenda machweo. Ninavyoona mimi, furaha ya kutazama hupata uzito wa kimaadili pale kinachotazamwa kinapokuwa na haki juu ya mtazamaji, na mtazamaji akaitambua haki hiyo. Dirisha, mmea wa ndani na mnyama wa nyumbani huzungumzwa pamoja kana kwamba ni starehe za namna moja. Kinachozitofautisha ni ukubwa wa deni.

Ushahidi wa karibu ni hadithi ya mwanamke na paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo watoto wa madrasa husimuliwa mapema. Mwanamke aliadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia hadi akafa. Kosa lake lisomwe polepole. Halaumiwi kwa kutompenda paka, wala haisemwi kwamba alimpiga. Analaumiwa kwa mambo mawili yaliyoshikana: hakumlisha, na hakumwacha akajitafutie wadudu wa ardhini. Angemwacha nje, paka angekuwa na riziki yake na mwanamke asingekuwa na kesi. Deni lilizaliwa na mlango uliofungwa. Anayemtenga kiumbe na njia zake za kujipatia riziki amejiweka yeye mahali pa njia hizo. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, faqihi wa Kishafii aliyefariki mwaka 1262, alilifikisha jambo hili mbali zaidi. Katika Qawaid al-Ahkam anaandika juu ya haki za wanyama kwa binadamu, na ya kwanza anayoitaja ni kwamba mwenye mnyama amgharimie ipasavyo, hata mnyama akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena.

Hata asipokuwa na faida tena: maneno hayo ndiyo yanayoyaingiza majira katika hoja. Mrehani uliostawi kwa mvua za vuli hauhitaji mtu mwema ili upendwe, unanukia wenyewe. Kipimo chake ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likichoma, majani yamejikunja, na kopo linadai maji kila jioni bila kutoa hata ua moja. Kusi ikishika zamu, upepo wa chumvi huunguza mimea ya madirisha yanayoelekea baharini, na hapo pia hakuna cha kusifiwa na wageni. Paka ni vivyo hivyo. Mwaka wa kwanza anachezea kifundo cha uzi na nyumba nzima inacheka. Mwaka wa kumi na mbili anatapika juu ya jamvi. Mpenda mandhari akichoka hutafuta mandhari nyingine, na hana kosa. Mwenye deni hawezi kuondoka kirahisi hivyo, na kama majira yana la kumfundisha mtu wa nyumbani, ni kumwonyesha yeye ni yupi kati ya hao wawili.

Kuhusu mimea mafaqihi walikuwa waangalifu zaidi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, mwenye mali isiyo na roho halazimishwi kuitunza. Kuacha kumwagilia miti na mazao ni makuruhu tu, na sababu inayotolewa ni kupoteza mali, wala haisemwi kuwa mti umedhulumiwa. Sina ubavu wa kuwapinga, lakini nadhani walikuwa na shamba mawazoni. Mizizi ya mti wa shamba hushuka kufuata maji, na mvua huufikia bila ruhusa ya mwenye shamba. Asumini iliyo kwenye ndoo iliyopasuka, katika kibaraza chenye paa cha ghorofa ya tatu huko Upanga, Dar es Salaam, imekatiwa ardhi na mvua kwa pamoja. Sisemi kwamba inaumia. Nasema utegemezi wake umetengenezwa na mtu, kama ule wa paka wa mlango uliofungwa, na aliyeutengeneza ndiye wa kuulizwa. Masika yakifika deni linageukia upande mwingine: visahani vya chini ya makopo hujaa maji na mbu wa Aedes huzaliana humo. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu anayeieneza hapendi dimbwi kubwa; kisahani cha ua kinamtosha. Akishatoka hapo hachagui nyumba ya kuingia.

Jirani ndiye pia mwenye haki juu ya dirisha lenyewe. Waliojenga nyumba za mawe za Lamu waligeuza uso wa nyumba ndani: ukuta wa mtaani una matundu machache, mwanga na hewa huingia kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani, na mgeni asiye wa ndani huishia dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Joto na usalama vilichangia, lakini sitara ilikuwa sehemu ya hesabu. Imepokewa kwamba Mtume alipomgundua mtu akimchungulia kwenye tundu alimkemea vikali na kueleza kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya macho. Leo maghorofa ya Dar na Mombasa yanatazamana chumba kwa chumba, kioo cha kuteleza kwa kioo cha kuteleza, na mandhari ya mtu mara nyingi ni kamba ya nguo za mwenzake. Hilo haliharibu starehe ya dirisha, linaiwekea mpaka. Mawingu, kunguru, mwembe wa watu na mvua inayokuja kutoka baharini ni vya kila mwenye macho. Sebule ya jirani si mandhari.

Mtu atauliza: ikiwa kufungia ndiko kunakozaa deni, si heri kutofungia kabisa? Hakuna pingamizi ninaloliogopa kuliko hili, na kwa baadhi ya viumbe jibu ni ndiyo. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo alinaswa kwa ajili ya sebule za dunia nzima, mpaka nchi za CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilipokutana Johannesburg mwaka 2016, zikamhamishia kwenye Kiambatisho cha Kwanza, panapozuiwa biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini. Hakuna bakuli la karanga linalolipa deni la msitu. Wanaotetea tundu hutaja hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kidege cha kuchezea, na Mtume akimtania kwa kumuuliza habari zake. Ibn Hajar al-Asqalani, mfafanuzi wa hadithi, ameihesabu ruhusa ya kumweka ndege tunduni kuwa miongoni mwa mafunzo ya hadithi hiyo. Ruhusa hiyo sigombani nayo. Lakini kidege kile kilikuwa kimekufa, na utani ule ulikuwa wa kumliwaza mtoto mwenye huzuni. Kuutoa hapo na kuufanya hoja ya wanaonasa kasuku ni kuunyoosha kupita kiasi. Paka wa Lamu au wa Darajani, Zanzibar, hana kesi ya namna hiyo, maana hakuna aliyemnasa. Sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, kisha akaeleza kuwa Mtume amesema paka si najisi, ni katika wale wanaowazunguka majumbani. Mnyama anayezunguka atakavyo anaweza pia kwenda zake. Akirudi, amerudi kwa hiari, na deni lake ni jepesi.

Wapo watakaosema ni aibu paka kula dagaa wakati mtoto wa mtaa wa pili analala na njaa. Dhidi ya makopo ya chakula cha paka yanayoagizwa ng'ambo, hoja hiyo ina meno. Dhidi ya vichwa vya samaki na ukoko wa wali haina, kwa kuwa havikuwa njiani kwenda kwa mtoto. Madeni hayo yote yapo, na la mtoto ni kubwa zaidi, lakini anayetumia deni kubwa kukwepa dogo kwa kawaida hajalipa lolote. Yule mwenye dhambi anayesimuliwa kusamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, akichota maji kisimani kwa kiatu, hakuulizwa kwa nini hakumtafuta kwanza binadamu mwenye kiu.

Pingamizi la Rabia wa Basra, walii wa Kisufi, ni la namna nyingine. Mshairi wa Kiajemi Fariduddin Attar anasimulia kwamba siku moja ya majira ya machipuko mtumishi wa Rabia alimwita bibi yake atoke nje aone kazi za Mungu, naye akamjibu aingie ndani yeye, amwone Mfanyakazi mwenyewe. Kwa maneno hayo dirisha lote linafungwa. Lakini Attar huyohuyo anasimulia pia kwamba wanyama wa mlimani walikuwa wakimzunguka Rabia bila hofu, wakatawanyika alipotokea Hasan al-Basri. Hasan alipouliza sababu, Rabia akamuuliza amekula nini siku hiyo, naye akataja vitunguu vilivyokaangwa kwa mafuta ya mnyama. Sina haja ya kuamini kwamba swala walijua kunusa uchamungu. Ninachokiona ni mpangilio wa visa hivyo viwili: Rabia aliweza kuyapa mgongo machipuko, ambayo hayakumdai chochote, na wanyama ambao wangeweza kumdai hawakuwa na sababu ya kumkimbia. Mandhari inaachika. Haki haiachiki.

Limebaki jambo moja linaloiumiza hoja yangu mwenyewe. Katika nyumba nyingi za mjini anayefurahia siye anayetunza. Mwenye nyumba hukaa dirishani jioni na kikombe cha chai. Dada wa kazi ndiye aliyemwagilia alfajiri, akafagia majani, akamchemshia paka vichwa vya samaki, na ndiye atakayegombezwa asumini ikikauka, ingawa chumba chake mwenyewe mara nyingi ni kile cha nyuma ya jiko ambacho hakina dirisha la kutajika. Kwa kipimo nilichokitetea, mwenye nyumba amebakiwa na mandhari tu, na wema wa jambo hili uko kwa dada, hata kama paka hampendi na maua anayaona kazi ya ziada. Sioni njia ya kulikwepa hilo, wala sidhani inafaa kulikwepa. Mtu aweza kujitetea kwamba sheria inakubali wakala, na deni lililolipwa na wakala limelipwa. Sawa, lakini wakala naye ana ujira, na mshahara wa dada unaopita tarehe yake unalirudisha deni kwa mwenye nyumba, safari hii likiwa na mdai anayeweza kusema.